Kiti cha daraja la kawaida kinawagharimu nini wanariadha wa Mbulu na Hanang?

Na Mwandishi Wetu, Mbulu

KIJANA wa Haydom au Katesh anayepata mwaliko wa kukimbia marathoni nchini Marekani huhesabu kwanza mambo mawili: zawadi ya mshindi na nauli ya ndege. Jambo la tatu, ambalo ni nadra kuzungumzwa, ni hali ya miguu yake atakaposhuka ng'ambo ya Bahari ya Atlantiki.

Miguu hiyo ndiyo mtaji wake. Imejengwa kwa miaka kadhaa katika milima na vilima vya uwanda wa Mbulu na chini ya Mlima Hanang, kisha inakunjwa kwa saa nyingi katika kiti cha daraja la kawaida, siku chache kabla ya kutakiwa kukimbia kilomita 42.195.

Je, kiti hicho kina thamani ya fedha inayolipwa? Na je, wanaotuma wanariadha ng'ambo wanapiga hesabu sahihi wanapotafuta tiketi ya bei ya chini kuliko zote?

Swali hili si la anasa katika wilaya hizi mbili za Mkoa wa Manyara. Mbulu ndiko alikozaliwa John Stephen Akhwari, aliyekimbia marathoni ya Olimpiki mjini Mexico City Oktoba 20, 1968. Katesh, makao makuu ya Wilaya ya Hanang, ndiko alikotoka Gidamis Shahanga, aliyevuka Atlantiki mwaka 1978 na kutwaa medali ya dhahabu ya marathoni katika Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Edmonton, Canada.

Akhwari alianguka njiani, akaumia goti, akafungwa bandeji na kuendelea. Alimaliza kwa saa 3:25:27, akiwa wa 57 na wa mwisho kati ya waliofika, zaidi ya saa moja baada ya mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia.

Maneno yake kwamba nchi yake haikumtuma maili 5,000 ili aanze mbio bali ili azimalize yanajulikana duniani kote. Jambo lisilotajwa sana ni kwamba alipunguza safari yenyewe. Kutoka Dar es Salaam hadi Mexico City, kwa mstari ulionyooka, ni zaidi ya kilomita 15,000, yaani maili zipatazo 9,500. Mwili wake ulikuwa umesafiri karibu mara mbili ya umbali alioutaja.

Safari huanza ndani ya basi

Makosa ya kwanza katika kuipima safari hii ni kuanza kuhesabu kwenye uwanja wa ndege. Mwanariadha wa Haydom huanzia kwenye basi. Barabara ya Haydom hadi Mbulu kwa miaka mingi ilikuwa ya vumbi wakati wa kiangazi na tope wakati wa masika. Mwenzake wa Katesh ana nafuu ya lami ya Singida hadi Babati, lakini naye bado anapaswa kufika Arusha, kisha kuendelea takribani kilomita 50 hadi Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Kilimanjaro (KIA).

Hakuna ndege inayotoka KIA moja kwa moja hadi Marekani. Abiria huunganisha kupitia miji kama Addis Ababa, Doha, Istanbul au Amsterdam. Njia nyingine ni kupanda basi hadi Nairobi kupitia Namanga, kisha kuchukua ndege ya Kenya Airways iliyoanza Oktoba 28, 2018 kuruka bila kutua hadi New York, safari ya saa zipatazo 15 kwenda na 14 kurudi.

Ukijumlisha basi, kusubiri viwanjani na saa za angani, si ajabu mtu kutumia saa 30 au zaidi tangu afunge mlango wa nyumba yake hadi afungue mlango wa chumba cha hoteli.

Kiti chenyewe kikoje?

Katika ndege nyingi za masafa marefu, nafasi kutoka kiti kimoja hadi cha mbele yake katika daraja la kawaida ni inchi 31 au 32, yaani sentimita 79 hadi 81. Upana wa kiti ni inchi 17 au 18. Ndege ya Boeing 787-8 ya Kenya Airways ina viti 234, na 204 kati ya hivyo ni vya daraja la kawaida, vikipangwa vitatu vitatu katika makundi matatu kwa kila safu.

Abiria duniani wamelalamika kwa muda mrefu kwamba nafasi hiyo inazidi kupungua. Mwaka 2018 Bunge la Marekani lilipitisha sheria iliyoiagiza Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya nchi hiyo (FAA) kuweka kipimo cha chini cha kiti cha abiria. Mwaka 2022 mamlaka hiyo ilipokaribisha maoni ilipokea zaidi ya 26,000. Hata hivyo, hadi mwaka 2024 kipimo hicho kilikuwa hakijawekwa.

Kwa afya, tatizo kubwa si wembamba wa kiti bali kukaa bila kusogea. Mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitoa matokeo ya utafiti kuhusu damu kuganda katika mishipa ya miguu kwa wasafiri. Lilieleza kwamba hatari hiyo huongezeka takribani mara mbili baada ya safari ya saa nne au zaidi, ingawa kwa ujumla inabaki ndogo, kiasi cha mtu mmoja kati ya 6,000.

Mambo mawili katika matokeo hayo yanawahusu moja kwa moja watu wa Mbulu na Hanang. La kwanza, hatari hiyo si ya ndege pekee. Ipo pia katika basi, treni na gari dogo, ilimradi mtu amekaa muda mrefu bila kujongea. La pili, wanaosafiri mara nyingi ndani ya kipindi kifupi wako katika hatari kubwa zaidi. Mkimbiaji anayefanya mashindano matatu ng'ambo katika miezi miwili ni mmoja wao.

Kwa upande wa hewa, mkimbiaji wa Mbulu ana bahati. Ndani ya ndege hewa hufanana na ya mahali palipo kati ya mita 1,800 na 2,400 kutoka usawa wa bahari. Katika Boeing 787 kiwango hicho hakizidi mita 1,800, jambo linalokaribiana na mwinuko wa mji wa Mbulu wenyewe. Abiria wa pwani huenda akalemewa; wa Mbulu yuko nyumbani. Kinachomsumbua ni ukavu wa hewa hiyo, ambao humfanya apungukiwe maji mwilini bila kutambua.

Sekunde mbili, dola 35,000

Thamani ya starehe kwa mtalii hupimwa kwa usingizi wake. Kwa mwanariadha hupimwa kwa saa ya mbio.

Chukua mfano wa Boston Marathon ya Aprili 17, 2023. Mtanzania Gabriel Geay alimaliza wa pili kwa saa 2:06:04, nyuma ya Mkenya Evans Chebet aliyetumia saa 2:05:54. Mkenya mwingine, Benson Kipruto, alikuwa wa tatu kwa saa 2:06:06.

Zawadi ya mshindi ilikuwa dola za Marekani 150,000, ya wa pili dola 75,000 na ya wa tatu dola 40,000. Kwa hiyo sekunde mbili kati ya wa pili na wa tatu zilikuwa na thamani ya dola 35,000, na sekunde 10 kati ya wa kwanza na wa pili zilikuwa na thamani ya dola 75,000.

Hakuna awezaye kuthibitisha kwamba sekunde fulani ilipotelea kwenye kiti cha ndege. Lakini pale ambapo tofauti ni ndogo kiasi hicho, kila kinachopunguza usingizi au kukaza misuli kinastahili kuhesabiwa.

Ikumbukwe pia kwamba zawadi hiyo haifiki Hanang ikiwa nzima. Kwa kawaida Marekani hukata kodi ya asilimia 30 kwenye zawadi za wanariadha wa kigeni, na wakala huchukua asilimia zipatazo 15. Kwa mfano, zawadi ya dola 75,000 ikikatwa hivyo hubaki dola 41,250. Hapo bado hajalipwa kocha, wala ada za wadogo zake shuleni.

Daraja la biashara si jibu la kwanza

Wapo watakaosema basi mwanariadha apewe kiti cha daraja la biashara alale. Ni hoja nzuri, lakini hesabu yake inaumiza. Nauli ya daraja hilo mara nyingi ni mara tatu au zaidi ya ile ya kawaida. Tuseme tiketi ya kawaida ni dola 1,500 na ya biashara ni dola 5,000. Tofauti ni dola 3,500.

Sasa linganisha na njia nyingine. Hoteli ya dola 150 kwa usiku, kwa siku nne za ziada kabla ya mbio, ni dola 600. Kanuni inayotumiwa na wengi ni kwamba mwili huhitaji siku moja kwa kila saa moja ya tofauti ya majira. Kati ya Mbulu na Boston mwezi Aprili tofauti ni saa saba. Mwanariadha anayefika wiki moja mapema, hata kama alikaa kiti cha nyuma kabisa karibu na choo, ana nafasi nzuri kuliko anayefika usiku wa kuamkia juzi ya mashindano akiwa amelala vizuri angani.

Habari njema ni kwamba kwenda magharibi ni rahisi kwa mwili kuliko kwenda mashariki. Wanaume wa kiwango cha juu walipoanza mbio za Boston mwaka 2023, saa 3:37 asubuhi kwa saa za huko, Tanzania ilikuwa saa 10:37 jioni, muda ambao mwili umekwisha kuamka kabisa. Tatizo ni usingizi wa siku zilizotangulia, pale mtu anapoamka saa nane usiku kwa sababu kwao ni saa tatu asubuhi.

Yapo hata yasiyogharimu kitu: kuchelewa kulala kidogo kidogo wiki moja kabla ya safari, kulala Arusha usiku mmoja badala ya kushuka kwenye basi na kupanda ndege, kuomba kiti cha kando ya njia ili kuweza kusimama kila baada ya muda, kuchezesha visigino na kunywa maji ya kutosha.

Nani alipe?

Mashindano makubwa huwalipia nauli na malazi nyota waliowaalika. Wanaoumia ni wa daraja la pili, vijana wanaokwenda kutafuta jina katika mbio ndogo. Hao wengi hukopeshwa nauli na mawakala, kisha hukatwa kwenye zawadi. Kwa kuwa kila dola itarudishwa, wao wenyewe huchagua tiketi ya chini kabisa, yenye kuunganisha mara mbili na kufika siku mbili kabla ya mbio.

Hapo ndipo bei rahisi inapogeuka kuwa ghali. Dola 300 zilizookolewa kwenye nauli zinaweza kumwondoa mtu katika nafasi za zawadi, akarudi Katesh na deni la tiketi ambayo haikumpa kitu.

Riadha Tanzania, halmashauri na wafadhili wanapochangia safari za wanariadha hawa, wasiishie kwenye tiketi. Bajeti iwe na siku pamoja na nauli. Mikataba ya mawakala nayo ieleze mapema nani analipia njia, siku za kupumzika na malazi, mwanariadha asije akagundua baada ya kuvuka mstari wa mwisho.

Kiti cha daraja la kawaida kitabaki kuwa kiti cha wengi, na hakuna aibu ndani yake. Kwa kijana wa Mbulu au Hanang kina thamani, iwapo tu atapewa muda wa kuinyoosha tena miguu yake kabla ya bunduki ya kuanzia kulia. Wahenga walikwisha kusema, rahisi inavunja upishi.