Alikuwa Yesu, akawa Ibilisi, akawa baba maskini

Wahenga walinena kwamba ngoma ivumayo sana haikawii kupasuka. Katika ulimwengu wa sinema methali hii hutimia kila mwaka. Kijana anatokea, sura yake inabandikwa kila ukuta, na kabla hujajifunza kulitamka jina lake, amekwisha kusahauliwa. Leo natuketi tumzungumze mtu ambaye ngoma yake haikuvuma hivyo, lakini ililia kwa zaidi ya miaka 60. Naye ni Max von Sydow, mwigizaji wa kutoka Uswidi.

Huenda unasema humjui. Ngoja kwanza. Kama uliwahi kutazama The Exorcist, na usiku ule ukalala taa ikiwaka, basi unamjua. Ndiye yule kasisi mzee anayesimama nje ya nyumba usiku, mkoba mkononi, kabla ya kuingia kumkemea pepo. Na je, wajua kwamba filamu hiyo ilipotoka mwaka wa 1973 mzee huyo alikuwa na umri wa miaka 44 tu? Makunyanzi yale yote yalipakwa na fundi wa vipodozi, Dick Smith. Waliobaki wakiamini kwamba yule ni mkongwe wa miaka 70 hawahesabiki.

Alizaliwa Lund, kusini mwa Uswidi, tarehe 10 Aprili 1929, akaitwa Carl Adolf. Baba yake alikuwa profesa aliyetumia maisha yake kukusanya na kuchunguza ngano za watu wa kale. Mama alikuwa mwalimu. Jina la Max alilitwaa baada ya kuigiza jeshini kichekesho cha kiroboto wa sarakasi, na kiroboto huyo ndiye aliyeitwa Max! Waone basi wale wanaodhani ukubwa huanza na jina kubwa.

Akasomea uigizaji Stockholm, kisha akaenda kufanya kazi katika jumba la maonyesho la Malmö chini ya mwelekezi Ingmar Bergman. Wawili hawa walitengeneza pamoja filamu 11. Ile iliyomtambulisha duniani ilitoka mwaka wa 1957, The Seventh Seal. Humo Max ni shujaa wa farasi anayerudi nyumbani kutoka Vita vya Msalaba na kukuta tauni inafyeka watu. Kifo chenyewe kinamjia ufuoni, kimevaa joho jeusi. Naye, badala ya kulia au kukimbia, anakialika wacheze sataranji. Anajua atashindwa. Anachotaka ni muda kidogo wa kutenda jambo moja la maana kabla ya kwenda. Na analitenda: anavuruga kete makusudi, Kifo kikashughulika nazo, na familia moja changa yenye mtoto mdogo ikapata nafasi ya kutoroka.

Marekani nao wakamwita. Mwaka wa 1965 alimwigiza Yesu katika The Greatest Story Ever Told. (Usiichanganye na ile filamu ya Yesu iliyozungushwa vijijini kwetu na kutafsiriwa kwa Kiswahili; ile ni ya mwaka wa 1979, na mwigizaji wake ni Brian Deacon.) Sasa fikiri, msomaji. Mtu akishaonekana na macho ya dunia nzima akiwa Bwana Yesu, atapewa kazi gani tena? Wengi wangekwama hapo, wakavaa kanzu nyeupe hadi uzeeni.

Max hakukubali kufungiwa. Mwaka wa 1975 alikuwa muuaji wa kukodiwa, mpole wa kutisha, katika Three Days of the Condor. Mwaka wa 1980 akavaa mavazi mekundu ya Ming, mtawala katili wa sayari za mbali, katika Flash Gordon. Mwaka wa 1983 alikuwa adui wa James Bond. Na mwaka wa 1993, katika Needful Things, akawa Ibilisi mwenyewe, ila Ibilisi mwenye duka, anayemuuzia kila mtu kile roho inachotamani, mradi amfanyie jirani yake ubaya mdogo tu. Kutoka Yesu hadi Ibilisi, kwa uso ule ule!

Lakini kama utatazama filamu yake moja tu, naomba iwe Pelle the Conqueror, ya mwaka wa 1987. Humo hana upanga wala pembe. Ni Lasse, mjane mzee wa Uswidi anayevuka bahari na mwanawe mdogo, Pelle, kwenda kutafuta kibarua kisiwa cha Bornholm, Denmark. Safarini anamwahidi mtoto kwamba huko watoto hucheza mchana kutwa. Wanapofika bandarini, matajiri wanachagua vibarua. Lasse ni mzee mno, Pelle ni mdogo mno. Wanabaki wawili, na hatimaye shamba lenye sifa mbaya ndilo linalowachukua, wakalale kando ya ng'ombe.

Siku moja Pelle anadhalilishwa na kijana mwenye cheo pale shambani. Lasse anaapa kwamba atamtia adabu. Anakwenda. Lakini akisimama mbele ya mkubwa, ujasiri unamwishia, na mtoto anayaona yote. Hapo, msomaji, nimewaona wanaume wazima wakigeuza nyuso wasionekane machozi. Ni mzazi gani hajawahi kuahidi asichokiweza? Ni nani hajawahi kusoma machoni pa mwanawe kwamba siri imefichuka: baba si simba? Na hata hivyo, Pelle haachi kumpenda. Mwishowe mtoto anaondoka peke yake kwenye theluji kutafuta dunia, na mzee anabaki, nguvu zimekwisha.

Filamu hiyo ilishinda tuzo kuu ya Cannes mwaka wa 1988, kisha Oscar ya filamu za kigeni. Max mwenyewe aliteuliwa kuwania Oscar ya mwigizaji bora, akaikosa. Akateuliwa tena mwaka wa 2012, akiwa na miaka 82, kwa kuigiza mzee asiyesema hata neno moja. Akaikosa tena, ikaenda kwa Christopher Plummer, mzaliwa wa mwaka ule ule wa 1929.

Alifariki Ufaransa tarehe 8 Machi 2020, akiwa na miaka 90, bila Oscar kabatini. Je, alishindwa? Mie nasema la. Tumezoea kubandikana majina: huyu mpole, yule mkorofi, yule hawezi kitu. Jumapili hii, kabla hujambandika mwanao jina, kumbuka uso mmoja uliobeba sura zote hizo. Na kama wewe ni Lasse wa nyumba yako, usijifiche. Keti naye mtoto, hata kama ulichoahidi hujakileta.

Hadi Jumapili ijayo, kwaheri ya kuonana.