Kambi ya wageni shambani: Usimuachishe kazi kijana wako masika

NI ukweli usiopingika kwamba wakulima wengi wanaoishi jirani na hifadhi zetu wameanza kuitazama ardhi yao kwa jicho jingine. Kuanzia Mto wa Mbu hadi Karatu, kando ya barabara iendayo Ngorongoro, si ajabu kukuta familia iliyokuwa ikitegemea mahindi, migomba au kahawa pekee sasa imetenga ekari moja au mbili, ikapanda nyasi na miti ya kivuli, ikajenga mabafu na jiko, kisha ikasimamisha kibao cha kukaribisha wageni wenye mahema.

Wateja wapo. Mwaka 2019 Tanzania ilipokea watalii wa kimataifa zaidi ya milioni 1.5. Mwaka 2020 janga la Uviko-19 liliishusha idadi hiyo hadi kama 620,000, lakini mwaka 2023 ilivuka milioni 1.8 na mwaka 2024 ikavuka milioni 2.1. Wengi wa watu hao hawalali kwenye mahema, lakini kwa familia ya mkulima hata sehemu ndogo tu ya wageni hao ni fedha taslimu ambayo haingoji mavuno wala bei ya mnada.

Tatizo ni pale fedha hiyo inapoingia. Mkulima akipata faida ya msimu wa kwanza, huongeza banda. Akipata ya msimu wa pili, hujenga baa au huanza kuchimba bwawa la kuogelea. Ikifika Aprili, mvua za masika zikakolea na wageni wakaadimika, huwaita vijana waliokuwa wakipokea wageni na kuwaambia waende makwao hadi atakapowahitaji. Juni anaajiri wengine. Hoja ya makala hii ni kwamba uamuzi huo wa Aprili unamgharimu mwenye kambi kuliko anavyodhani, na kwamba yeye mwenye shamba ndiye mtu asiye na sababu ya kuufanya.

Mgeni anakumbuka nini

Ukisoma daftari la wageni katika kambi yoyote ya familia utaona jambo moja linajirudia. Wageni wachache sana huandika habari za majengo. Wanaandika kuhusu kijana aliyewafungulia geti saa 3 usiku wakiwa wamechoka na watoto wamelala garini, akawaonyesha mahali pakavu pa kusimamisha hema bila kununa. Wanamtaja kwa jina mama wa jikoni aliyempashia mtoto maziwa. Wanasifu maji ya moto yaliyokuwapo alfajiri kwa sababu kuna mtu aliamka mapema kuchochea kuni.

Malalamiko nayo ni ya aina hiyo hiyo. Bei iliyotajwa getini siyo iliyodaiwa asubuhi. Choo kilikuwa kichafu na kila aliyeulizwa alijibu kwamba si kazi yake. Jenereta liliunguruma hadi usiku wa manane, au muziki wa baa uliwanyima watoto usingizi. Mfanyakazi alisimama karibu na meza akingoja bahasha. Mgeni alilalamika na kuambiwa amsubiri bosi, na bosi yuko mjini.

Hapa kuna lalamiko jingine ambalo wenye kambi wengi hawapendi kulisikia. Familia ya Kitanzania ikifika kwa gari lake, imelipa kama wengine, huachwa imesimama wakati wafanyakazi wote wakikimbilia gari la wageni wa nje. Hali hii ni dharau, tena ni hasara. Machi mwaka 2020 safari za ndege ziliposimama duniani, ilionekana wazi kwamba mgeni wa nje anaweza kutoweka ndani ya wiki mbili. Mwenye kambi aliyekuwa amezoea kumkaribisha Mtanzania wakati wa likizo za shule, Juni na Desemba, angalau alikuwa na mlango wa kubisha. Aliyemdharau hakuwa na mlango wowote.

Dereva na mpishi nao ni wageni

Katika mzunguko wa utalii wa kaskazini, mgeni wa hema mara nyingi haji peke yake. Huja na dereva ambaye pia ni muongozaji, na mpishi wa kampuni iliyomleta. Hawa wawili ndio wanaojua kambi zote za njiani, na maneno yao huko Arusha yana uzito mkubwa pindi kampuni inapopanga kundi lijalo lilale wapi.

Pamoja na hayo, kambi nyingi huwatendea kama mizigo. Jiko la wapishi halina maji ya bomba, moshi hauna pa kutokea, meza ya kukatia mboga ni ubao uliooza, na dereva aliyeendesha kutwa anaambiwa alale kwenye gari. Mfanyakazi mgeni kazini hajui kwamba huyu ndiye mteja wa kudumu. Mfanyakazi wa miaka mitatu anajua, kwa sababu anawafahamu kwa majina, anajua nani hanywi chai ya maziwa na nani hupenda kupaki chini ya mti upi. Uhusiano wa namna hiyo huuoni kwenye hesabu za kambi, lakini ndio mtaji wenyewe.

Tuangalie hesabu

Tuchukue mfano. Kambi inatoza Sh20,000 kwa mtu mmoja kwa usiku mmoja. Dereva mmoja analeta makundi 10 kwa msimu, kila kundi lina watu sita. Hizo ni Sh1,200,000 kutoka kwa dereva mmoja tu. Sasa tuchukulie mfanyakazi wa mapokezi analipwa Sh300,000 kwa mwezi. Kumbakiza kazini Aprili na Mei kunagharimu Sh600,000. Kama dereva huyo ataudhiwa Juni na kijana asiyejua kazi, akahamishia makundi yake kambi ya jirani, mwenye kambi aliyeokoa Sh600,000 atakuwa amepoteza mara mbili yake. Hapo hatujahesabu wiki ambazo kijana mpya anajifunza huku akivunja vyombo, akikosea stakabadhi na kusahau kuchemsha maji.

Wengi watasema, "Hesabu ni nzuri, lakini Aprili fedha hiyo itoke wapi?" Jibu ni kwamba haitoki Aprili. Inatoka Julai na Agosti, wakati kambi imejaa. Kambi ikiuza nafasi za kulala 1,000 kati ya Juni na Oktoba kwa bei hiyo, inaingiza Sh20,000,000. Ikiweka pembeni asilimia 10 ya kila malipo inapata Sh2,000,000. Mishahara ya wafanyakazi watatu kwa miezi miwili ni Sh1,800,000, na ukijumlisha mchango wa mwajiri NSSF wa asilimia 10 inakuwa Sh1,980,000. Fedha inatosha, mradi iwekwe kwenye akaunti yake na isiguswe kununulia saruji.

Zaidi ya hapo, miezi hiyo miwili si mitupu kama inavyoonekana. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi likizo ya siku 28 mfululizo kila mwaka. Mfanyakazi wa kudumu hawezi kupewa likizo Agosti, kambi ikiwa imefurika. Likizo hiyo ikipangwa Aprili au Mei, karibu nusu ya kipindi cha ukame wa wageni inakuwa imekwisha. Kinachobaki ni kama mwezi mmoja.

Shamba ndilo jibu

Kwa mwezi huo mmoja, mwenye hoteli ya mjini hana jibu rahisi. Vyumba vikiwa vitupu, mhudumu hana la kufanya. Mkulima anayo kazi, tena ya haraka. Masika yanayofukuza wageni ndiyo hayo hayo yanayoleta palizi ya mahindi na maharage, upandaji wa miche ya miti na kahawa, na kufukia mashimo ya barabara ya kuingia kambini. Ndicho kipindi ambacho mkulima huyo huyo anahangaika kutafuta vibarua na kuwalipa kwa siku. Kuwafukuza watu watatu kwa mkono mmoja na kuajiri vibarua watatu kwa mkono wa pili ni kulipa mara mbili.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mgeni wa kambi amelipa, hivyo jembe hatulimpi. Lakini mfanyakazi anaweza kulishika kwa wiki kadhaa, kwa mshahara ule ule wa mapokezi, ikiwa jambo hilo lilizungumzwa na kuandikwa kwenye mkataba tangu mwanzo. Kumshtukiza Aprili kwamba sasa wewe ni kibarua wa shamba ni kumdhalilisha, na hatarudi.

Mfanyakazi aliyepalilia bustani anakuwa pia mhudumu bora. Mgeni anayelala shambani huuliza maswali: hii ni mboga gani, kahawa inachumwa lini, kwa nini migomba imepandwa katikati yake. Kijana aliyeletwa juzi atajibu hajui. Aliyeipanda atamtembeza, na matembezi hayo yanaweza kuuzwa. Huko Irente, Lushoto, wageni hupiga mahema na kununua jibini, jemu na mkate vinavyotengenezwa pale pale. Kisolanza, kusini mwa Iringa kando ya barabara kuu ya kwenda Mbeya, shamba la familia limejulikana kwa miaka mingi miongoni mwa wasafiri wa mahema, na mazao ya shamba huuzwa papo hapo. Katika sehemu za namna hii shamba na kambi ni biashara moja, na watu wanaozijua zote mbili ndio wanaoziunganisha.

Hoja za upande wa pili

Zipo hoja zinazostahili kujibiwa. Ya kwanza ni kwamba msimu wa wageni unagongana na mavuno ya kahawa kaskazini, kuanzia katikati ya mwaka, hivyo watu wale wale hawawezi kuwa sehemu mbili. Ni kweli. Ndiyo maana nasema watu wa kambi wasaidie shamba wakati wa masika tu. Wakati wa mavuno waachwe kambini, na wachumaji wa kahawa waajiriwe kama kawaida.

Ya pili ni kwamba kambi ni ya familia, hivyo kazi zinafanywa na mke na watoto na hakuna mshahara wa kulipa. Hii ni hesabu ya hatari. Mama anayeamka saa 10 alfajiri kuchemsha maji na kulala saa 5 usiku baada ya kuosha vyombo vya wageni analipa gharama, ila haiandikwi popote. Sheria inaweka ukomo wa saa 45 za kawaida za kazi kwa wiki kwa mwajiriwa, na mwili wa mama huyo hauna tofauti na wa mwajiriwa. Uchovu wake ndio mgeni anaouona usoni na kuuita ukali. Andika kazi ya familia kwenye daftari kama gharama, ndipo utajua kama kambi inaingiza faida au inakula nguvu za watu wako.

Ya tatu ni kwamba kijana akikaa muda mrefu anakuwa mjeuri au anaanza wizi mdogo mdogo. Hilo linatokea, na mara nyingi linatokana na utaratibu mbovu. Bei zibandikwe getini, kwa Kiswahili na Kiingereza, na kila malipo yatolewe stakabadhi. Bakshishi iwekwe kwenye sanduku moja na igawanywe mbele ya wote kila Jumamosi, yule wa vyoo akiwemo. Mfanyakazi aliyepo zamu apewe ruhusa ya kumaliza lalamiko dogo, tuseme la hadi Sh20,000, bila kumpigia bosi simu. Ukimwamini mtu kwa kiasi unachoweza kukihesabu, utajua mapema kama anastahili kuaminiwa zaidi.

Kwa mwenye kuanza

Anayepanga kuingia kwenye biashara hii ahakikishe kwanza ana leseni ya biashara ya utalii, kwa mujibu wa Sheria ya Utalii ya mwaka 2008, pamoja na leseni nyingine za halmashauri. Afungie dawa za mifugo na za kunyunyizia mimea stoo yenye kufuli, afunike kisima na afunge mbwa, kwa kuwa familia huja na watoto. Muziki na jenereta vizimwe saa 4 usiku. Haya hayahitaji mkopo. Mfanyakazi mmoja mwenye kipaji anaweza pia kupelekwa kusoma kozi fupi, kwa mfano katika chuo cha VETA cha hoteli na utalii kilichopo Njiro, Arusha. Masika ndiyo wakati wa kumpeleka.

Bwawa la kuogelea lisubiri. Jirani yako akipata fedha atajenga bwawa kubwa kuliko lako ndani ya mwaka mmoja, na mabanda yako atayaiga hadi rangi. Hawezi kuiga kijana ambaye dereva akifika getini anamwita kwa jina na kumuuliza mtoto wake aliyekuwa mgonjwa anaendeleaje. Kabla Aprili haijafika, mwenye kambi akae na watu wake, apange nani ataanza likizo na nani ataanza palizi, na akaunti ya akiba iwe tayari. Juni wageni wakirudi, wakute sura zile zile.