Mwembe uliovimbiwa hauzai

Januari ni mwezi wa karo, na kwa jamaa nyingi za Makueni, Machakos na Kitui ni mwezi wa maembe pia. Mwembe ukikataa kuzaa, si shamba peke yake linaloumia bali nyumba nzima. Juma hili tuutazame mwembe unaowatatanisha wengi: majani yake ni ya kijani kilichokolea, matawi yanarefuka kila mvua inyeshapo, lakini wakati wa maua ukifika hauna lolote. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Wakulima wengi wakiuona husema una njaa, nao huuongezea fatalaiza. Kumbe mara nyingi mti huo umevimbiwa na naitrojeni.

Naitrojeni ndiyo chakula kinachojenga majani na matawi, na hakuna mti unaoweza kuishi bila hiyo. Lakini mwembe huchanua kwenye ncha za matawi yaliyokomaa na kupumzika. Huku Ukambani mapumziko hayo huja wakati wa baridi na ukavu, kati ya Juni na Agosti. Mti ulioshiba naitrojeni kupita kiasi haupumziki. Ncha ambazo zingetoa maua hutoa majani mapya.

Hata ukizaa, hasara haijaisha. Majani mengi na laini huwavutia wadudu wafyonzao maji ya mmea, kama vile vidukari, na kivuli kizito hufuga unyevu na ukungu. Tunda lenyewe hukosa rangi nzuri. Tena pale ambapo naitrojeni ni nyingi na chokaa ni haba udongoni, nyama ya embe huanza kulainika upande wa ncha kabla tunda halijaiva. Mnunuzi akilipasua, bei yako imekwisha.

Je, naitrojeni hiyo hutoka wapi? Kwanza, hutoka kwenye mahindi yaliyopandwa katikati ya miembe. Ukiyatilia CAN yafikapo magotini, mizizi ya mwembe nayo hula. Pili, hutoka kwa mbuzi unaowafunga kivulini, kwa maana samadi na mkojo wao pia vina naitrojeni. Tatu, ni kubadilisha mbolea bila kupima. Kilo moja ya CAN ina takribani gramu 260 za naitrojeni, ilhali kilo moja ya urea ina gramu 460. Ukitia urea kwa kipimo kile kile cha CAN, umekaribia kuuandalia mti sahani mbili.

Sasa ufanye nini? Kabla ya kuilaumu mbolea, kumbuka kuwa mwembe mchanga bado haujafika wakati wake, na uliozaa sana mwaka jana huenda ukapumzika mwaka huu. Lakini ikiwa ni mti mzima usiochanua miaka miwili mfululizo huku ukizidi kunenepa, acha kuutilia naitrojeni kwa msimu mzima. Wahamishe mbuzi. Usiukate matawi mengi kwa pamoja, maana hapo utazidi kuchipuza majani.

Peleka udongo upimwe. Maabara ya KALRO iliyoko Kabete hufanya kazi hiyo. Majibu yatakuonyesha kilichopungua, pengine potashi au chokaa, nawe hutatupa pesa kwenye kitu kilichojaa tayari.

Utakapoanza tena, tia kidogo baada ya mavuno, mvua ikiwa imenyesha. Mwaga kwa duara chini ya mwisho wa matawi, si shinani, kwa maana mbolea ikirundikana shinani huweza kuunguza gome na mizizi.

Kuna jambo moja zaidi kwa akina mama na akina baba. Naitrojeni isiyoliwa na mti huteremka na maji ya mvua, na huweza kufika kisimani ikiwa katika hali iitwayo naitreti. Shirika la Afya Duniani linataka maji ya kunywa yasizidi miligramu 50 za naitreti kwa kila lita. Yakizidi sana, mtoto mchanga anayekorogewa maziwa kwa maji hayo huweza kukosa oksijeni ya kutosha damuni. Basi kiasi ni muhimu shambani na pia jikoni.

Kabla hujafungua gunia jingine, utazame mti wako vizuri. Huenda hauombi chakula, bali unaomba kupumzika. Hadi Jumapili ijayo, kila la heri shambani.