Haki iliyopitishwa kwa kura, yaweza kufutwa kwa barua?

Ijumaa jioni mtaa wa Olaya hapa Riyadh hujaa watu wa kwetu. Madereva, walinzi, wahudumu wa mikahawa na wale khadama wachache ambao mabosi wao huwapa ruhusa ya kutoka, wote hukutana karibu na lile jengo la Kingdom ambalo vijana wetu wamelibatiza kifungulia soda. Sisi tumezoea mkahawa mmoja wa Wayemeni uliopo uchochoro wa nyuma, na hapo ndipo tulipokutana na mjadala ambao tunauleta mbele yenu leo, ndugu wasomaji.

Ulianzishwa na dada mmoja kutoka pande za Kaloleni, Kilifi. Mdogo wake wa miaka kumi na sita alikuwa na mimba iliyoanza kuharibika yenyewe. Usiku alipozidiwa na damu alipelekwa zahanati ya karibu, na mhudumu aliyekuwa zamu akakataa kumgusa. Hakusema kwamba hajui kazi. Alisema anaogopa polisi, kwani msichana akifika katika hali ile watu huuliza ni nani aliyeitoa. Dada yetu huku, saa saba za usiku, anatafuta mtu wa kumkopesha riyali mia tano za kukodi gari. Msichana alipona, tunamshukuru Mungu, lakini swali la dada lilibaki mezani: "Kaka mwandishi, nilisikia Marekani wameifuta ile sheria. Ndiyo imefutwa na kwetu?"

Dereva mmoja wa Eldoret akasema kwetu haijawahi kuruhusiwa. Mzee wa Lamu akasema iliruhusiwa na katiba mpya, ndiyo maana maaskofu waliikataa. Kijana wa tatu akasema iliruhusiwa, kisha wizara ikaikataza. Kila mmoja alikuwa na yakini yake, na la ajabu ni kwamba kila mmoja alikuwa ameshika kipande cha ukweli.

Tuanze na Marekani, maana ndiko khabari iliko na kelele zaidi. Mwaka 1973 Mahakama Kuu ya huko, katika kesi ya Roe na Wade, iliamua kwamba katiba yao inamlinda mwanamke anayetaka kutoa mimba. Neno mimba halimo katika katiba ile. Majaji waliisoma haki hiyo ndani ya haki nyingine. Tarehe 24 Juni 2022 majaji wengine, watatu kati yao wakiwa wameteuliwa na Donald Trump, wakasema wenzao walisoma vibaya, na kila jimbo likarudishiwa mamlaka ya kujiamulia. Karibu miaka 50 ikafutika kwa hukumu moja. Mpiga kura hakuulizwa mwaka 1973 na hakuulizwa mwaka 2022.

Alipokuja kuulizwa, jibu liliwashangaza wengi. Wiki sita tu baada ya hukumu, Agosti 2022, jimbo la Kansas ambalo ni ngome ya Republican lilipiga kura juu ya kuiondoa haki hiyo katika katiba ya jimbo, na karibu asilimia 59 wakakataa. Ohio nayo mwaka 2023 ikaiandika haki hiyo katika katiba yake. Novemba 2024 majimbo kumi yaliulizwa, saba yakapitisha. Florida ilipata asilimia 57 na bado ikashindwa kwa sababu huko zinatakiwa 60. Lakini angalia jambo hili: Missouri, Arizona, Nevada na Montana, siku ile ile na kwa karatasi ile ile, waliipitisha haki na wakampa kura Trump. Mtu huyo huyo, kalamu hiyo hiyo. Anayedhani mpiga kura hutembea na kitu kimoja kichwani hajawahi kusimama naye foleni.

Sasa tugeuke kwetu, ambako kisa ni kirefu na, kwa maoni yetu, kina mafunzo zaidi. Katiba ya Kenya ya 2010 ilipokuwa ikiandikwa, wabunge walikutana Naivasha Januari mwaka huo na kuisukuma rasimu iseme kwamba uhai huanza mimba inapotungwa. Nia ilikuwa kufunga mlango. Wataalamu waliokuwa wakiandika rasimu wakauacha mlango ule na kuutia bawaba. Kifungu cha 26 kikatoka hivi: uhai huanza mimba inapotungwa, na utoaji mimba hauruhusiwi isipokuwa pale ambapo, kwa maoni ya mtaalamu wa afya aliyehitimu, panahitajika matibabu ya dharura, au maisha au afya ya mama imo hatarini, au sheria nyingine iliyoandikwa inaruhusu.

Wakubwa wa makanisa mengi, Katoliki na Kiprotestanti, wakasimama kuipinga. Walikuwa na malalamiko mawili, mimba na mahakama za kadhi, na mimbari zikatumika kwa yote mawili. William Ruto, aliyekuwa waziri wakati huo, akaongoza upande wa Hapana, rangi nyekundu, pamoja na Rais mstaafu Moi. Mwai Kibaki na Raila Odinga wakashika kijani. Waislamu wengi wa Pwani wakaenda kijani kwa ajili ya kadhi, na hatukumbuki sheikh aliyesumbuka sana na kifungu cha 26. Tarehe 4 Agosti 2010 kura za Ndiyo zikapita milioni 6, za Hapana zikakaribia milioni 2.8. Nchi ambayo wengi wake wanakwenda kanisani kila Jumapili iliambiwa na makanisa ikatae, na theluthi mbili wakakubali.

Hapa wenzetu wa mashirika ya haki huwa wanakimbilia kusema wananchi waliipigia kura haki ya kutoa mimba. Tusidanganyane. Watu walipiga kura kwa ajili ya ardhi, ugatuzi, kupunguza madaraka ya rais, na kwa ajili ya wafu wa ghasia za mwanzoni mwa 2008. Kifungu cha 26 kilipanda gari lililokuwa na abiria wengi. Tunachoweza kusema kwa haki ni kwamba wapiga kura walikisikia kikisomwa mchana kweupe, waliambiwa kina ubaya gani, na hawakuona kuwa ubaya huo unatosha kuitupa katiba nzima. Hilo si dogo, ila si sawa na Kansas.

Je, kinaweza kufutwa? Kisheria ni kazi ngumu. Kifungu hicho kimo ndani ya Sheria ya Haki, na kifungu cha 255 kinasema sura hiyo haibadilishwi bila kura ya maoni. Mwaka 2022 tuliona mpango wa BBI, uliobebwa na Rais Uhuru Kenyatta na Raila Odinga kwa pamoja, ukizikwa na Mahakama ya Juu kabla haujafika kwa mpiga kura. Ikiwa fahali wawili wale walishindwa, nani ataweza kwa urahisi? Hata yule aliyeongoza Hapana aliapishwa kuwa rais Septemba 2022, na kiapo alichokula ni cha kuilinda katiba ile ile.

Basi, kwa nini mhudumu wa zahanati anaogopa?

Anaogopa kwa sababu haki ile haikuhitaji kufutwa. Mwaka 2012 Wizara ya Afya ilitoa mwongozo wa kuwaeleza madaktari, wauguzi na matabibu kifungu cha 26 kina maana gani wodini: nani anahudumiwa, na nani, kwa njia ipi. Desemba 2013 mwongozo ukaondolewa. Haukuondolewa na Bunge wala kwa kura ya maoni, bali kwa barua ya ofisa mmoja. Miezi michache baadaye, Februari 2014, ukafuata waraka wa kukataza wahudumu wasihudhurie mafunzo ya kutoa mimba kwa njia salama na wasitumie dawa zake. Kanuni ya Adhabu tuliyoachiwa na Mwingereza, vifungu vya 158 hadi 160, ilikuwa bado pale pale na vifungo vyake vya miaka. Mhudumu akabaki na katiba inayosema inawezekana, kanuni inayosema ni jela, na wizara iliyomnyang'anya karatasi ya kumwonyesha mpaka uko wapi. Mwenye akili angefanya nini? Angefunga dirisha.

Na hili halikuwa jambo la wachache. Utafiti uliofanywa pamoja na wizara hiyo hiyo ulikadiria kwamba mwaka 2012 zilitolewa mimba kama 465,000 Kenya, na wanawake karibu 120,000 walifika hospitali na madhara yake. Msichana mmoja wa Kisii aliyebakwa akiwa na miaka 14 alihangaika na madhara ya kutolewa mimba vichochoroni hadi akafa mwaka 2018. Juni 2019 majaji watano wa Mahakama Kuu walisema kuondoa mwongozo ule kulikuwa kinyume cha sheria, na kwamba aliyebakwa anaingia katika kifungu cha 26 ikiwa afya yake, ya mwili au ya akili, imo hatarini. Machi 2022 Mahakama Kuu ya Malindi, katika kesi ya msichana wa Kilifi aliyekamatwa na polisi akiwa kitandani kwenye kliniki pamoja na tabibu aliyemhudumia, ilikwenda mbele zaidi na kusema huduma hiyo ni haki ya msingi. Rufaa ikafuata. Alichopewa mtu na jaji, jaji wa juu yake anaweza kukitwaa. Hilo Wamarekani wamelijua baada ya nusu karne.

Mzee wa Lamu alitukatiza hapo. "Na dini je?" Swali lake ni la haki, na sisi si mashekhe. Tulimkumbusha tu kwamba hapa hapa Saudia, Baraza la Fiqhi la Rabita lililokaa Makka mwaka 1990 lilisema kwamba hata baada ya siku 120 mimba yaweza kutolewa pale ambapo madaktari wanaoaminika wamethibitisha kuwa kubaki kwake ni khatari ya hakika kwa uhai wa mama. Mlango wa kumwokoa mama haukuletwa na Mzungu. Mzee alikunywa chai yake, akasema mambo ya rohoni tuyaache na wenyewe. Dereva wa Eldoret hakubadili msimamo wake hata kidogo, na tunamheshimu kwa hilo. Alichokubali ni kwamba msichana anayetoka damu ahudumiwe kwanza, maswali baadaye.

Wanaoijua khatari hii zaidi ya sisi wanaume ni hao khadama wenyewe. Huku mimba nje ya ndoa ni kosa la jinai. Mwanamke akibakwa ndani ya nyumba anayofanyia kazi, kwenda kushitaki kwaweza kumgeuza mshitakiwa. Wapo wanaozaa kimya kimya na watoto wao hawana cheti; mwishoni mwa 2023 serikali ya Kenya ilitangaza mpango wa kuwapima vinasaba watoto wa namna hiyo ili wapate karatasi za kusafiria. Wengine hupanda ndege wakiwa na mimba changa, wanashuka Nairobi wakiwa wamejeruhiwa mwili na akili, na huko ndiko wanakutana na lile dirisha lililofungwa.

Na kura hawana. Mwaka 2010 hakuna Mkenya wa ughaibuni aliyepiga kura ya maoni. Uchaguzi wa 2022 vituo vya nje vilikuwa katika nchi 12, zikiwemo jirani zetu Qatar na Falme za Kiarabu. Saudi Arabia, yenye makumi ya maelfu ya wafanyakazi wetu wanaopeleka fedha nyumbani kila mwezi, haikuwemo. Riyali zao zilipokelewa bila kuulizwa foleni.

Kabla hatujaachana, dada wa Kaloleni alituomba tumwandikie kile kifungu kwa Kiswahili, maana hata yeye ambaye aliipigia katiba kura mwaka ule hakuwahi kukisoma. Tulikiandika nyuma ya risiti ya mkahawa, kwa herufi kubwa. Akakipiga picha na kumtumia mama yake, ili siku nyingine wakienda zahanati wawe nacho. Jibu lilikuja kwa sauti kabla hatujamaliza chai. Mama alishukuru, akatuombea dua, kisha akauliza kama karatasi hiyo ina muhuri.