Kabla hujacheka picha ya ndege

Wadau, mwezi uliopita niliwaonyesha wenzangu wa chumbani picha ya mnana niliyempiga nyuma ya hosteli, hapa chuoni Dar. Nilitumia simu. Ndege katoka kama embe bivu kwenye ukungu. Wakacheka weee, mmoja akaniambia futa. Nusura nifute kweli.

Yule alikuwa dume, anasuka kiota kwa majani mabichi. Jike ndiye mkaguzi. Asipokipenda, mara nyingi jamaa anakibomoa na kuanza upya. Wiki iliyofuata mti ukakatwa. Sasa ile picha mbovu ndiyo inayonionyesha kwamba pale palikuwa na viota 17.

Mimi naona hivi: simba wa Serengeti wanao wapiga picha wao wenye lenzi ndefu. Ndege wa hapa hosteli wana sisi tu. Kwa hiyo piga, andika tarehe na mahali, halafu tuonyeshe. Ila jamani, usivunje tawi wala kugusa kiota ili picha ipendeze. Na wewe unayeonyeshwa, kabla hujacheka, uliza kwanza: ulimwona wapi?