Bima binafsi ya afya: Ukomo mkubwa kwenye kadi si kinga ya mgonjwa

Na Mwandishi Wetu

BUNGE lilipopitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote Novemba 2023, mjadala wa afya nchini ulibadilika. Kwa miaka mingi swali lilikuwa kama mwananchi anahitaji bima au la. Sasa, kwa kuwa sheria hiyo inamtaka kila mkazi awe katika mpango fulani wa bima, swali limekuwa ni bima ipi.

Si swali dogo. Wakati muswada huo ukijadiliwa, takwimu za Serikali zilionyesha kwamba Watanzania waliokuwa na bima ya afya ya aina yoyote walikuwa takriban asilimia 15 tu, na kati yao waliohudumiwa na kampuni binafsi walikuwa sehemu ndogo sana. Maana yake ni kwamba kaya nyingi zitakazoingia katika soko hili katika miaka ijayo zitakuwa zinasoma mkataba wa bima ya afya kwa mara ya kwanza.

Na mkataba huo hausomeki kirahisi. Matangazo ya kampuni za bima hutanguliza tarakimu mbili: ada ya mwaka, na ukomo wa juu wa gharama ambazo kampuni italipa. Familia hukaa mezani, hulinganisha tarakimu hizo za kampuni tatu au nne, kisha huchagua ada ndogo yenye ukomo mkubwa. Kwa mtazamo wa haraka, huo ni uamuzi wa busara.

Hata hivyo, kimsingi tarakimu hizo mbili ndizo zinazoeleza machache kuliko zote. Thamani halisi ya bima ya afya imo katika kurasa za kati za mkataba, mahali palipoandikwa ugonjwa gani haulipiwi, huduma gani ina ukomo wake wa peke yake, ni hospitali zipi zinapokea kadi, na nini kitatokea mwenye bima atakapougua kweli au kuzeeka. Bima hupimwa kwa siku mbaya kuliko zote, wala si kwa siku ya mafua.

Kwa nini masharti ni mengi

Wananchi wengi huyaona masharti ya bima kama hila tupu. Yapo yanayostahili lawama hiyo, lakini mengine yana sababu inayoeleweka.

Bima ni mfuko wa pamoja. Wengi huchangia, wachache huugua, na michango ya wazima ndiyo inayowatibu wagonjwa. Iwapo watu watasubiri hadi waugue ndipo wajiunge, mfuko utakauka. Mfano ulio karibu nasi ni mpango wa Toto Afya Kadi wa Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya (NHIF), ambao mzazi alimlipia mtoto Sh50,400 kwa mwaka. Machi 2023 mfuko huo ulisitisha usajili wa mtoto mmoja mmoja na kuelekeza watoto wasajiliwe kupitia shule na vifurushi vya familia. Sababu iliyotolewa ilikuwa kwamba wazazi wengi walikuwa wakiwasajili watoto wakiwa tayari wagonjwa.

Ikiwa mfuko wa umma ulilazimika kujilinda kwa namna hiyo, kampuni ya biashara yenye wenye hisa wanaosubiri gawio itajilinda zaidi. Ndiyo sababu mikataba binafsi huweka kipindi cha kusubiri, hubagua maradhi ambayo mteja alikuwa nayo kabla ya kujiunga, na humtaka ajaze fomu ya historia ya afya yake.

Hapa ndipo penye mtego wa kwanza. Wapo wateja ambao, kwa kushauriwa au kwa hofu ya kutozwa ada kubwa, huficha shinikizo la damu au kisukari katika fomu hiyo. Sheria za bima zimejengwa juu ya ukweli wa pande zote mbili. Mteja aliyeficha jambo kubwa huipa kampuni sababu ya kukataa madai yake, na kampuni huichunguza fomu hiyo kwa makini pale bili inapokuwa kubwa. Yaani mtu hulipa ada miaka mitatu, kisha hugundua akiwa wodini kwamba hakuwa na bima. Ni heri kutaja ugonjwa na kulipa zaidi, au kukubali kusubiri, kuliko kununua kadi isiyo na nguvu.

Ukomo ndani ya ukomo

Mtego wa pili ni ule tunaoweza kuuita ukomo ndani ya ukomo. Kadi inaweza kutangazwa kuwa na Sh30 milioni kwa mwaka, lakini ndani ya mkataba kiasi hicho kikagawanywa: sehemu fulani ya kujifungua, sehemu ya meno, sehemu ya macho, na sehemu ya magonjwa sugu.

Tuchukue mfano wa hesabu. Mgonjwa ambaye figo zake zimeshindwa kufanya kazi kwa kawaida husafishwa damu mara tatu kwa wiki, yaani mara 156 kwa mwaka. Tukadirie kwamba kila mara hugharimu Sh200,000. Kwa mwaka mzima gharama hiyo peke yake ni Sh31.2 milioni, hata kabla ya dawa, vipimo na nauli. Sasa tuseme mkataba wake una ukomo wa jumla wa Sh30 milioni, lakini magonjwa sugu yametengewa Sh5 milioni tu. Fedha hizo zitamsafisha damu mara 25, ambazo ni wiki nane na ushee. Kuanzia wiki ya tisa, Sh25 milioni zilizobaki kwenye kadi haziwezi kumsaidia kwa ugonjwa unaotishia uhai wake.

Jirani yake mwenye mkataba wa Sh20 milioni usio na mgawanyo huo atatibiwa muda mrefu zaidi, ingawa katika tangazo bima yake ilionekana duni. Kwa hiyo anayelinganisha bima hana budi kuulizia ukomo wa kila huduma, hasa saratani, figo, moyo na uangalizi maalumu wa wagonjwa mahututi, kabla ya kuangalia ukomo wa jumla.

Swali jingine linalosahaulika ni kama ukomo huo ni wa kila mtu au wa familia nzima. Ukomo wa Sh20 milioni unaotumiwa na watu watano unaweza kumalizwa na mmoja wao katika majuma machache, na wanne waliobaki wakakaa bila kinga hadi mwaka wa bima uishe.

Hospitali si mali ya kadi

Orodha ya hospitali ni kigezo ambacho wateja hukitazama, lakini hukiamini kupita kiasi. Mwenye bima ana mkataba na kampuni. Hospitali nayo ina mkataba wake na kampuni hiyo, ambao mgonjwa hahusiki nao wala haulizwi unapovunjika.

Taifa lilijifunza somo hilo Machi 2024. NHIF ilipoanza kutumia kitita kipya cha mafao Machi 1 mwaka huo, hospitali binafsi kadhaa, zikiwemo kubwa, zilipinga viwango vya malipo na kusitisha huduma kwa wanachama wa mfuko. Wanachama hao hawakuwa wamekosa mchango hata mwezi mmoja. Walijikuta katikati ya ugomvi wa bei kati ya pande mbili ambazo zote ziliwahi kuwaahidi huduma.

NHIF ni mfuko wa umma, lakini somo lake linazihusu kampuni binafsi vilevile. Hospitali ikipandisha bei, au kampuni ikichelewa kulipa madai, kadi inaweza kukataliwa mapokezi. Kwa hiyo haitoshi kuuliza kama hospitali fulani imo katika orodha. Iulizwe pia, ikiwa hospitali hiyo itajitoa katikati ya mwaka, mteja atapewa nini? Na akikimbizwa usiku katika hospitali isiyo kwenye orodha, je, atarejeshewa fedha zake, kwa kiwango gani, na ndani ya siku ngapi?

Aidha, kwa mkazi wa mikoani, orodha ndefu ya hospitali za Dar es Salaam ni pambo. Mtu wa Kigoma au Lindi aangalie kwanza kituo anachoweza kufikia kwa gari ndani ya saa moja, kisha hospitali ya rufaa atakayopelekwa, na kama bima yake inalipa usafiri wa gari la wagonjwa kati ya vituo hivyo viwili.

Afya ya kampuni yenyewe

Lipo pia suala ambalo wateja wachache hulifikiria: kampuni nayo inaweza kuugua. Nchini Kenya, ambako soko la bima binafsi ni kubwa kuliko letu, mamlaka ya usimamizi iliiweka kampuni ya Resolution, iliyojulikana hasa kwa bima ya afya, chini ya usimamizi wa kisheria Aprili 2022. Wateja wenye kadi halali waliamka siku hiyo wakiwa hawana pa kuzipeleka. Kenya ina mfuko wa kuwafidia wenye bima wa kampuni zilizoanguka, lakini fidia hiyo ina kikomo, na mgonjwa aliye kitandani anahitaji daktari kabla ya fidia.

Hapa nchini, kampuni zote, mawakala na madalali wa bima husajiliwa na Mamlaka ya Usimamizi wa Bima Tanzania (TIRA) kwa mujibu wa Sheria ya Bima ya mwaka 2009. Kuthibitisha usajili ni hatua ya kwanza, wala haipaswi kuwa ya mwisho. Ada iliyo chini mno kuliko ya washindani wote ni dalili ya kutilia shaka, kwa sababu fedha za kulipia hospitali hutoka katika ada hizo hizo. Rahisi ghali, walisema wahenga. Njia nyepesi ya kupima ni kwenda kwenye dirisha la bima la hospitali unayoitumia na kuuliza ni kampuni zipi hulipa kwa wakati. Makarani wa pale hawahitaji ripoti ya ukaguzi kulijua hilo.

Ifahamike pia kwamba wakala huuza kwa niaba ya kampuni, na dalali huwakilisha mteja. Wote wawili hulipwa kamisheni, lakini wajibu wao ni tofauti. Mteja ana haki ya kumuuliza anayezungumza naye yuko upande gani.

Swali la miaka ijayo

Mtihani mgumu kuliko yote ni wa umri. Bima binafsi nyingi hupatikana kupitia mwajiri, na ndiyo maana mfanyakazi huona kama ni mali yake. Ajira ikikoma, kadi hukoma nayo. Akiwa na miaka 58, huku ana kisukari, atalazimika kuingia sokoni kama mtu binafsi, katika umri ambao kampuni huongeza ada au hufunga mlango wa wateja wapya. Katika mfuko wa umma, mtumishi mstaafu na mwenza wake wana nafasi ya kuendelea kutibiwa, kwa masharti yake. Katika soko binafsi, ulinzi wa namna hiyo hauna budi kutafutwa ndani ya mkataba: je, kampuni inaweza kukataa kuhuisha bima kwa sababu mteja aliugua mwaka uliopita? Je, kuna umri ambao bima husitishwa?

Kutokana na hali hiyo, kwa maoni ya mwandishi huyu, mpango mpana unaogusa magonjwa makubwa na kuendelea hadi uzeeni, hata kama foleni yake ni ndefu, ndio unaofaa kuwa msingi wa kaya ya kawaida, na bima binafsi iwe nyongeza kwa mwenye uwezo. Na kwa mwenye fedha kidogo anayetaka bima binafsi pekee, ni afadhali alipie huduma za kulazwa na upasuaji, kisha homa na vikohozi avigharimie mfukoni, kuliko kununua kifurushi chenye miwani na meno lakini kinachoishia mlangoni mwa chumba cha upasuaji.

Hata hivyo, mzigo wote hauwezi kutupiwa mwananchi. Hati nyingi za bima bado huandikwa kwa Kiingereza cha mawakili, katika nchi ambayo watu wake hununua, huuza na hushitakiana kwa Kiswahili. Mwenye malalamiko anaweza kuyapeleka TIRA au kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, lakini usuluhishi huja baada ya mgonjwa kukataliwa. Kinachohitajika ni kabla ya hapo: kila kampuni ilazimishwe kumpa mteja, kabla hajalipa, ukurasa mmoja wa Kiswahili unaotaja magonjwa yasiyolipiwa, ukomo wa kila huduma, vipindi vya kusubiri na masharti ya kuhuisha. Kampuni zote zitumie mpangilio mmoja ili ziweze kulinganishwa.

Sheria ya mwaka 2023 imemtaka mwananchi awe na bima. Ni haki yake basi kujua, kabla ya kutoa shilingi yake ya kwanza, ni ugonjwa gani utakaomkuta bila kinga.