Mchezo uliofungwa Kampala na picha zinazotembea Baraka

Mwezi wa Agosti 2012, waigizaji wa Uganda walipandisha jukwaani mjini Kampala mchezo uitwao "The River and the Mountain", yaani Mto na Mlima. Ulimhusu Samson, mfanyabiashara kijana anayependa wanaume wenzake. Mama yake anataka apone, kwa hiyo anamletea mchungaji, kisha msichana wa kucheza dansi, kisha mganga. Ni mchezo wa kuchekesha, mpaka unapokaribia mwisho. Hapo Samson anauawa kwa panga na watu aliofanya nao kazi.

Kilichofuata nje ya jukwaa kinajulikana. Baraza la vyombo vya habari la Uganda lilikuwa limeandika barua kutaka mchezo usionyeshwe kabla halijaupitia. Mtayarishaji wake, Mwingereza David Cecil, alikamatwa Septemba na kushtakiwa kwa kutotii amri halali, kosa ambalo lingeweza kumfunga miaka 2. Januari 2013 mahakama ikafuta kesi kwa kukosa ushahidi. Februari akakamatwa tena na kufukuzwa nchini. Mgeni alipanda ndege. Waigizaji Waganda, akiwemo Okuyo Joel Atiku Prynce aliyecheza nafasi ya Samson, walibaki na majirani zao na majina yao.

Kwa nini mambo ya Kampala ya miaka zaidi ya kumi iliyopita yazungumzwe leo Fizi? Kwa sababu mada ile ile imeshafika Baraka, na haikupitia jukwaani. Imefika kwa simu. Video ya mtu aliyezaliwa akaandikwa mvulana na sasa anaishi kama mwanamke inatumwa kutoka mbali, inaingia katika kundi la WhatsApp la kwaya, la wanafunzi au la wauza ndagala, na kufikia jioni kila mtu ana neno. Wengi wanachanganya mambo mawili. Samson wa mchezo ule ni mwanaume anayejijua kuwa mwanaume na anapenda wanaume. Mtu anayeitwa transijenda ni mwingine: swali lake ni yeye mwenyewe ni nani, kabla ya kufika kwa nani anampenda. Katika makundi ya simu wote hutupwa katika kapu moja, na kapu hilo lina jina la matusi.

Simu yenyewe ina nyuso mbili. Kijana wa Mboko au Lulimba ambaye tangu utotoni anahisi kwamba mwili wake na nafsi yake havisemi lugha moja hawezi kumuuliza mzee wa kimila, wala mchungaji, wala mama yake. Lakini akinunua mega kidogo anaweza kumpata mtu Bukavu au Nairobi aliyepita njia hiyo hiyo, akajua kwamba hajarogwa na hayuko peke yake duniani. Mganda Cleopatra Kambugu, mwanamke transijenda, alijulikana kwa njia hiyo: maisha yake na mchumba wake yalirekodiwa na kuonyeshwa kwanza vipande vipande kwenye intaneti, na mwaka 2016 yakatoka kama filamu kamili, "The Pearl of Africa". Mtu aliyeiona filamu ile amemwona akipika, akicheka, akiogopa.

Uso wa pili ni picha bila maelezo. Kambugu huyo huyo alilazimika kukimbilia Kenya baada ya gazeti la udaku kumwanika. Miaka michache kabla yake, Oktoba 2010, gazeti jingine la Kampala lilichapisha picha za watu lililodai ni mashoga, na mmoja wao, mwalimu David Kato, aliuawa nyumbani kwake Januari 2011. Gazeti angalau lina mhariri anayeweza kupelekwa mahakamani, na gazeti lile lilipelekwa. Picha iliyonaswa kutoka kundi la siri na kusambazwa Baraka saa mbili usiku haina mhariri. Aliyeituma kwanza anasema aliipokea tu.

Kuna jambo dogo ambalo wasafiri wa barabara ya Uvira hadi Baraka watalielewa haraka kuliko wataalamu wa haki. Raia wengi wa Kongo hawana kitambulisho kingine ila kadi ya uchaguzi. Kwenye kizuizi, askari anaangalia kadi, anaangalia uso, anaangalia kadi tena. Yule ambaye jina na jinsia kwenye kadi havifanani na mtu aliyesimama mbele anaulizwa maswali ambayo mwisho wake ni pesa, au kuvuliwa nguo, au kushukiwa kuwa mpelelezi. Katika eneo lenye makundi mengi ya silaha, kushukiwa tu kunatosha kumpoteza mtu. Nchini Kenya, Audrey Mbugua alipambana na jambo la namna hiyo kuhusu cheti chake cha sekondari, na Oktoba 2014 Mahakama Kuu ikaliamuru Baraza la Mitihani kubadili jina kwenye cheti hicho na kuondoa alama ya jinsia. Hakuomba sherehe wala ndoa. Aliomba karatasi ya kumwezesha kutafuta kazi.

Na sheria ya Kongo inasema nini? Kinyume na wengi wanavyoamini, kanuni ya adhabu ya nchi haina kifungu kinachotaja mapenzi ya jinsia moja wala watu transijenda. Katiba ya 2006, kifungu cha 40, inasema ndoa ni kati ya mtu na mtu wa jinsia nyingine, na hapo imesema ndoa tu. Desemba 2013 mbunge Steve Mbikayi alipeleka mswada wa kuadhibu mapenzi ya jinsia moja, na watu transijenda nao waliguswa humo, haukuwa sheria. Kinachotumika ni kifungu cha kulinda maadili ya umma, ambacho ni kipana kama ziwa, na kila afisa anavua humo anachotaka. Upande mwingine, kifungu cha 46 cha Katiba kinalinda uhuru wa kubuni kazi za sanaa, kwa sharti hilo hilo la sheria na maadili. Ipo pia tume ya taifa ya kukagua nyimbo na maonyesho. Novemba 2021 tume hiyo iliufungia wimbo "Nini tosali te" wa kundi la MPR, na kelele za wananchi zikafanya ufunguliwe haraka. Wimbo ule ulilalamikia hali ya nchi, tena maadili hayakuwa shida yake kubwa. Kila mwenye kundi la teatri Fizi alielewa ujumbe.

Basi kundi la vijana wakiomba ukumbi Baraka ili waigize maisha ya mtu wa namna hii, wajibiwe nini? Wakubaliwe, ila kwa masharti ambayo Fizi yenyewe inayajua vizuri.

Teatri ya ushiriki si kitu kigeni huku. Kwa miaka mingi shirika la Search for Common Ground lilitumia mtindo huo mashariki mwa Kongo, na wakimbizi waliorudi kutoka kambi za Tanzania waliukuta. Waigizaji husikiliza kwanza watu wa mtaa, huigiza ugomvi wao bila majina, hufika mahali ugomvi unapochacha, husimama, na kumwita mtazamaji achukue nafasi ya mwigizaji aonyeshe yeye angefanya nini. Mzee aliyekuja kupinga hujikuta mbele ya watu wote akicheza nafasi ya baba. Mara nyingi hasemi alichokuwa amepanga kusema.

Fizi pia imeshasikiliza mambo mazito kuliko haya. Februari 2011 mahakama ya kijeshi inayohama iliketi Baraka kuwahukumu askari waliobaka wanawake wa mji wa Fizi siku ya mwaka mpya. Luteni Kanali Kibibi Mutware alipata miaka 20. Wanawake walisema yale ambayo mila inataka yafichwe, na waliwekewa ulinzi wasitambulike. Kabla ya siku zile kulikuwa na waliosema kwamba aibu ya namna ile haifai kutajwa hadharani.

Makanisa yatapinga, na misikiti pia, na haki yao ya kupinga ni kubwa sawa na ya waigizaji kuigiza. Hofu ya wazazi kwamba watoto watafundishwa mambo wasiyoyataka isichekwe. Mchezo kama huo ni wa watu wazima, na mlangoni awepo mtu wa kuhakikisha. Hoja kwamba haya yameletwa na wazungu ina nguvu pale pesa na maandishi yanapotoka nje, kama yalivyotoka kwa sehemu Kampala: mwandishi wa mchezo ule alikuwa Mwingereza, na jambo hilo liliwapa wapinzani fimbo ya bure. Mchezo wa Baraka uandikwe Baraka, kwa Kiswahili na Kibembe, na watu wanaokula mihogo ya hapa.

Sharti la mwisho ndilo gumu zaidi. Simu ziachwe mlangoni. Watazamaji waingie, wabishane wanavyotaka, lakini asiwepo wa kurekodi, kwa sababu mwigizaji aliyecheza nafasi hiyo anaweza kesho kugeuzwa kuwa mtu huyo, na video ya nusu dakika haionyeshi kwamba ulikuwa mchezo. Nchi imepata tangu Machi 2023 kanuni ya mambo ya kidijitali inayoadhibu unyanyasaji kwa njia ya mtandao. Waendesha mashtaka wa Fizi na Uvira wanaweza kuitumia. Wasimamizi wa makundi ya WhatsApp, ambao wengi ni walimu, viongozi wa kwaya na wakubwa wa mitaa, hawahitaji kumsubiri mwendesha mashtaka ili wafute picha ya mtoto wa jirani.